Ukoko wa Saa Tano Usiku

Nyumbani kwetu Magomeni Mikumi, chakula cha usiku kililiwa saa tano. Wakati huo majirani walikuwa wamekwisha kuosha vyombo na kufunga milango. Sisi watoto wanne, tuliolazwa mara tu baada ya magharibi tukiwa na kikombe cha uji au kipande cha muhogo tumboni, tuliamshwa mmoja mmoja, tukanawishwa uso kwa maji ya mtungi na kuketishwa kwenye mkeka uliotandikwa uani chini ya taa ya chemli. Kisha mlango wa nyuma ulilia na baba akaingia, akitanguliwa na harufu yake ya bizari nzima, moshi wa kuni na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikakaribia kuungua. Mkononi alishika kifurushi cha gazeti, na ndani ya gazeti mlikuwa na ukoko.

Sikujua kwamba watu wengine hula saa mbili mpaka nilipopelekwa kulala kwa shangazi Temeke. Chakula kilipotengwa mapema vile nilikataa kunawa mikono, kwa kuwa niliamini shangazi amemsahau mumewe ambaye bado hajarudi kazini, ilhali mumewe alikuwa ameketi pembeni yangu akinisogezea bakuli la mchuzi. Kisa hicho kilisimuliwa katika ukoo wetu kwa miaka mingi, na baba alikipenda kuliko sote.

Utaratibu ule ulikuwa wa mama, wala hakuomba ushauri wa mtu. Mwanzoni mwa ndoa yao alikuwa akimwekea baba chakula chini ya kawa kisha analala. Usiku mmoja aliamka kunywa maji, akamkuta mumewe amechutama jikoni gizani, akila ugali uliopoa na kujitahidi asigonganishe vyombo. Mama alituambia kwamba alirudi kitandani bila kusema neno, lakini hakupata usingizi. Asubuhi yake alitangaza kuwa mtu anayelisha mji mzima hawezi kula nyumbani kwake kama mpangaji, na kuanzia siku hiyo saa ya nyumba yetu ikahamishwa ili imfuate yeye. Bibi alilalamika kwamba watoto hawalazwi saa za magharibi, na mwalimu wangu wa darasa la pili alimwita mama shuleni kwa sababu nilikuwa nikisinzia kwenye hesabu. Mama aliwasikiliza wote wawili kwa heshima, kisha akaendelea na utaratibu wake.

Baba alikuwa mpishi wa hoteli. Kwa msomaji asiyekulia Dar es Salaam, hapa mjini hoteli ni mahali pa kula, na anayetaka kulala huenda gesti. Kwenye fomu ya shule niliandika kwamba baba anafanya kazi hotelini. Wenzangu darasani wakaamua wenyewe kwamba ni ile Hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa mwaka 1965 ikitazama bandari, yenye wahudumu waliovaa tai, nami sikuona sababu ya kuwasahihisha. Hoteli ya baba ilikuwa na meza saba, katika kimojawapo cha vichochoro vinavyoingia Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Ilikuwa na beseni la kunawia mlangoni na kaunta ya mbao ambayo mwenye hoteli hakubanduka, na jiko lilikuwa nyuma, chini ya bati lililokuwa jeusi kwa masizi kiasi kwamba mvua ikinyesha matone yalidondoka yakiwa rangi ya chai.

Alizaliwa mwaka 1955 katika vijiji vya bonde la mto Rufiji, upande wa Ikwiriri, na alipenda kusema kwamba aliujua mchele tangu ukiwa mpunga, hata kabla ya kujua kusoma. Utoto wake aliutumia juu ya dungu, kibanda kilichosimama kwa nguzo ndefu katikati ya mashamba, akipiga kelele na kurusha mawe ili ndege wasimalize mpunga. Mto ukifurika, watu walikaa humo humo na kusubiri maji yapungue. Alifika Dar mwaka 1972 akiwa na miaka kumi na saba, akapokewa na mjomba wake aliyekuwa mchukuzi Kariakoo, na juma lile lile akaanza kuosha vyombo katika hoteli ile ya meza saba. Soko jipya, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Baba aliliona likiinuka kutoka kwenye mashimo mpaka kwenye yale mapaa yanayofanana na miavuli iliyopinduliwa. Liliposhika moto Julai 2021, alikaa mbele ya televisheni usiku mzima bila kusema kitu, na alfajiri akatuuliza kama kuna anayejua kule chini kwa wauza viungo kumesalimika.

Kuosha vyombo ilikuwa kazi ya miaka mingi kuliko alivyotarajia. Alitoka kwenye masinia akaingia kwenye kumenya vitunguu, kutoka vitunguu akaenda kwenye kukuna nazi, na hapo akakwama, kwa sababu mpishi mkuu wa wakati ule, mzee wa Kitanga mwenye maneno machache, hakumruhusu mtu kugusa mwiko wake. Kilichompandisha cheo kilikuwa sheria ya serikali. Mwaka 1983, wakati wa Operesheni Nguvu Kazi, watu wasioweza kuonyesha kwamba wana kazi walikuwa wakikamatwa mitaani na kurudishwa vijijini wakalime, na kila mtu mjini alitembea na karatasi mfukoni. Mwenye hoteli aliketi kwenye kaunta kuandika barua za wafanyakazi wake. Alipofika kwa baba alisita, akihofu kwamba mgambo akisoma maneno “mwosha vyombo” au “mkuna nazi” atauliza kama kweli nchi inahitaji kazi hiyo, basi akaandika kwamba mchukuzi wa barua hii ni mpishi. Baba aliikunja mara nne, akaiweka mfukoni, na kwa maneno yake mwenyewe, akaona aibu kutembea na uongo uliopigwa mhuri. Siku ya pili alianza kufika kazini saa moja kabla ya wengine ili amsaidie yule mzee kuwasha moto, na kabla ya mwaka kwisha barua ilikuwa inasema kweli.

Barua hiyo ninayo mimi. Mikunjo yake imechanika na mhuri umefifia, lakini neno mpishi linasomeka.

Ninatamani ningeweza kuieleza kazi yake kama alivyoifanya, nami nina bahati kwamba likizo za shule nilikuwa nikipelekwa hotelini kuchagua mchele, maana mama aliona afadhali nikae chini ya macho ya baba kuliko kuzurura Mikumi. Nilikaa kwenye kigoda na ungo mapajani, mita chache kutoka kwenye mafiga. Pilau yake ilianzia kwenye kitunguu, na ilipoharibika iliharibikia hapo hapo. Alikaanga kwa moto wa wastani, akigeuza bila kupumzika kwa mwiko mrefu kama kasia, mpaka rangi ikapita ile ya dhahabu na kuingia kwenye kahawia, hatua moja tu kabla ya uchungu, na hatua hiyo aliijua kwa pua zaidi ya macho kwa kuwa moshi ulikuwa mwingi. Hapo ndipo alipotia kitunguu saumu na tangawizi zilizopondwa kwenye kinu, kisha nyama, kisha bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu chache na pilipili manga. Rangi ya pilau, alisema, inatoka kwenye kitunguu. Leo ninapokuta pilau iliyopata wekundu wake kwenye kichupa cha rangi za dukani, huwa ninaisogeza sahani pembeni taratibu, na watoto wangu wananicheka.

Alipotia maji na mchele na kufunika, alikuwa hatazami tena bali anasikiliza. Aliinama karibu na sufuria ya kilo ishirini, kichwa kikiwa kimeelekezwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza habari kwa jirani, na akanyamazisha jiko zima kwa kuinua kidole. Sufuria, alinifundisha, kwanza hunguruma, maji yakiwa bado mengi, baadaye hunong'ona, kisha hufika mahali ikaanza kutatarika kidogo sana, kama mtu anayekanyaga majani makavu akiwa mbali. Huo ndio wakati wa kutoa kuni chini na kupalia makaa juu ya mfuniko. Anayewahi hupata wali wenye maji, na anayechelewa hupata harufu ya kuungua ambayo haitoki hata ukiswali. Mchele wa Kyela, wenye harufu nzuri, aliuchunga kuliko mwingine, hasa ukiwa mpya, kwa sababu mchele mpya haunywi maji kama uliokaa ghalani, na mpishi asiyeuliza mchele umevunwa lini atapika bokoboko akidhani ni pilau.

Wateja walikula wali wa juu na wa kati, na sehemu ya chini, iliyoshikana na sufuria, ndiyo ukoko. Baba alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: wali ukishapakuliwa wote, sufuria itiwe maji papo hapo, kabla haijapoa, kwa sababu ukoko ukikauka unampa kazi mwosha vyombo ya nusu saa, na yeye aliyeosha vyombo kwa miaka mingi hakutaka kumfanyia mtu hivyo. Lakini kabla ya maji kumiminwa alichukua upawa wa chuma, akakwangua kwa uangalifu kipande kimoja kikubwa cha mviringo, chenye rangi ya asali nyeusi, na kukifunga kwenye gazeti. Kipande hicho hakikuwa na bei kwenye hoteli, na mwenye hoteli alijua kwamba ni chetu.

Kwa hiyo saa tano usiku, baada ya ugali na dagaa au kisamvu, maana baba hakula pilau nyumbani hata siku moja, gazeti lilifunguliwa katikati ya mkeka. Yeye ndiye aliyevunja na kugawa. Ukoko mzuri unalia unapovunjwa, na hukaa mdomoni muda mrefu: kwanza chumvi na mafuta, halafu mdalasini, na mwishoni kabisa, ukiwa na bahati, punje ya iliki iliyojificha. Aliyefanya kosa mchana ule alipewa sawa na wenzake. Wakati tukitafuna, baba alituuliza habari za siku, akianza na mdogo, na kwa kuwa alikuwa na uchovu alisikiliza akiwa ameegemea ukuta na macho amefumba, nasi tulijifunza kwamba kidole kikitikisika ujue hajalala. Aliyejaribu kuongopa alikutana na ile ile shingo iliyoinamishwa upande mmoja, kama mbele ya sufuria.

Nyakati za shida ziliikumba hoteli nasi tukazijua kupitia gazeti lile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sukari, mchele na mafuta vilipatikana kwa foleni, na hoteli ilipika ugali wa unga wa njano kwa wateja waliozoea biriani. Mimi nilikuwa mchanga, lakini mama anakumbuka kwamba baba alirudi na gazeti lenye ukoko wa ugali, akaliweka kwenye mkeka kwa adabu ile ile, wakala wawili. Mwezi wa Ramadhani nao ulikuwa na hali yake. Mchana jiko lilipoa, kazi ikaanza baada ya alasiri kwa ajili ya futari, na baba alipika akiwa amefunga. Masheikh wanaruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini yeye hakuonja kabisa, akasema pua inatosha. Mwezi huo tulikula naye daku, na kwa mara moja katika mwaka saa zetu zilikuwa sawa na za majirani.

Alipika nyumbani mara moja tu ninayoikumbuka vizuri, mwaka 1991, mama alipojifungua kitinda mimba wetu. Aliomba ruhusa ya siku saba kazini, akamkaribisha bibi apumzike, akaingia jikoni. Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani tutakula pilau kwa wiki nzima, lakini alimpikia mama uji wenye pilipili manga nyingi kiasi cha kutufanya tupige chafya mlangoni, na mchana mchuzi wa changu aliyemfuata mwenyewe soko la samaki la Feri asubuhi. Aliketi juu ya mbuzi akakuna nazi bila kuangusha chembe, akakamua tui zito akaliweka kando, akaongeza maji akakamua tui jepesi, akapikia samaki kwa hilo jepesi kwanza. Tui zito alilitia mwishoni, na hakuacha kukoroga wala hakugeuza uso hata alipoitwa na mtu aliyekuja kumpongeza, kwa sababu tui likichemka bila kukorogwa hukatika. “Mwambie anisubiri,” aliniambia, “tui halisubiri.” Mama alikula akiwa amejifunga kanga kifuani, akalia, akasema ni pilipili.

Lipo jambo moja ambalo siwezi kulipita ingawa yeye alilipita. Mwaka 1994 mwenye hoteli wa kwanza alifariki, wanawe wakauza nafasi, na baba akahamia mgahawa mkubwa zaidi katikati ya jiji, wenye viyoyozi na vitambaa vya meza. Alifanya kazi huko miaka ishirini na moja. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 kuchukua nafasi ya NPF, mfuko wa akiba wa zamani, kila mwisho wa mwezi alikatwa asilimia 10 ya mshahara, na mwajiri alipaswa kuongeza sehemu yake na kupeleka zote mbili. Wafanyakazi hawakupewa hati ya malipo, bali walisaini kwenye daftari lililokuwa kwa mhasibu. Alipofikisha miaka sitini, mwaka 2015, tulikwenda pamoja kufuatilia mafao, akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na karani akatuambia kwa upole kwamba kwenye kumbukumbu kuna michango ya miezi kumi na minne. Nilifanya hesabu hapo hapo kwenye benchi, kwa kuwa uhasibu ndiyo kazi yangu, kazi niliyosomeshwa kwa mshahara ule ule uliokatwa. Nilitaka kwenda mahakamani. Baba aliniambia kwamba wapishi wenzake kumi na wawili bado wako jikoni kule na kwamba kesi ikianza watakaotolewa nje ni wao. Tuligombana kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mimi bado naona alikosea, na kila ninapopita mtaa ule ninavuka barabara. Wawili kati ya wapishi hao, walioacha kazi baadaye, walipeleka madai yao wenyewe, wakiwa na nakala ya daftari ambayo baba ndiye aliyewashauri waipige picha.

Miaka yake ya mwisho alipika kwenye shughuli, harusi na khitma za Magomeni, akiwa na vijana watatu aliowafundisha mwenyewe. Wakati mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, ulipoanza mwaka 2016 alifurahi kama mtoto, kwa sababu kwa miaka mingi, daladala zilipokuwa zimekwisha, aliutembea usiku ule mwendo wa kutoka Kariakoo kushuka Jangwani hadi Mikumi, gazeti la ukoko likiwa kwapani, na sasa aliupanda kwa dakika chache akitazama bonde kupitia dirishani. Wenye shughuli walimlipa, na wengine hawakumlipa, naye hakuwa na kumbukumbu nzuri ya nani ni nani. Nilijaribu kumwandikia daftari akaniambia daftari ameziona.

Alifariki Februari 2022, baada ya kuugua kwa siku chache, alfajiri. Alizikwa siku ile ile baada ya swala ya alasiri. Wanawake tulibaki nyumbani, nikasikia tu sauti za wanaume zikiondoka na jeneza kuelekea barabarani.

Khitma ya arobaini ilipikiwa uani kwetu. Wale vijana watatu walifika tangu usiku na sufuria mbili za kilo ishirini, wakakataa kupokea hata nauli, wakachimba mafiga mahali pale pale tulipokuwa tukitandika mkeka. Sisi wanawake tulimenya vitunguu saumu mpaka vidole vikawasha. Mkubwa wao, ambaye sasa ana mvi, alikaanga kitunguu mpaka nikaanza kuhofu, kisha akatia tangawizi wakati ule ule ambao baba angetia. Baadaye alipoinama na kuinua kidole, ua mzima, pamoja na masheikh waliokuwa wakisubiri barazani, ulinyamaza. Tulisikia wote. Wakapalia makaa.

Watu walikula, dua ikasomwa, masinia yakarudi. Mama, aliyekuwa bado ndani ya eda, aliniita chumbani akanipa gazeti la jana, akaniambia nikachukue ukoko kabla watoto wa mtaa hawajaugundua. Nilitoka nikapita kati ya vyombo, nikafika kwenye sufuria ya kwanza na kukuta mdogo wa wale vijana, aliyefundishwa vema kuliko wote, amekwisha kumimina maji. Sufuria ya pili nayo ilikuwa imejaa. Ukoko ulikuwa umeanza kubanduka vipande vipande na kuelea, na maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Nilirudi na gazeti likiwa tupu, nikamweleza.

“Muache,” alisema mama. “Ndivyo alivyoambiwa.”